Juzuu Kumi na Bambo Moja: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Vitabu vya Maabara

Vitabu vya marejeo vya kemia changanuzi huandikwa mwaka mzima, lakini hununuliwa Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 ya mwezi huo, Dodoma, Nairobi na Kampala sawia, na fungu lisilotumika hurudi hazina. Mkuu wa maabara anapekua bajeti yake, anakuta mstari wa "vitabu na machapisho" umebakiwa na kiasi. Hakitoshi kununua mashine, na kwa karatasi za chujio kimezidi. Ndipo anapotokea muuzaji, mtu anayeijua Juni kuliko mhasibu, mkononi kashika katalogi yenye picha za kung'aa.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeteuliwa kwenye kamati ya manunuzi siku ambayo hukuhudhuria kikao. Hautakufanya mkemia. Utakuonyesha tu pa kushika utakapokabidhiwa kitu chenye kurasa elfu moja na bei ya dola mia kadhaa, usafiri mbali, ambacho muuzaji anaapa kwamba maabara haiwezi kuishi bila hicho. Maabara imeishi bila hicho tangu ijengwe, lakini usimwambie hivyo, maana atakutolea juzuu ya pili.

Jalada na waliomo

Anza na unene. Katika fani hii ukubwa ni hoja. Ensaiklopidia ya sayansi ya uchanganuzi iliyotolewa upya 2019 ina juzuu 10, na nyingine ya mwaka 2000 ilikuwa na juzuu 15. Upo pia mfululizo ambao jina lake linaahidi kemia changanuzi yote bila kubakiza. Ulianza 1959, juzuu zake zimepita 100, na dalili ya kumaliza hakuna. Asiyejua hudhani juzuu nyingi ni maarifa mengi. Mara nyingi ni waandishi wengi, kila mmoja na sura yake, na kila mmoja anaanza kukueleza upya kromatografia ni nini kwa sababu hakusoma sura ya mwenzake.

Usishtuke ukikuta mwandishi alishafariki. Arthur Vogel, Mwingereza ambaye kitabu chake cha uchanganuzi wa kiasi kilitoka mara ya kwanza 1939, alifariki 1966, na toleo la 6 lenye jina lake likatoka mwaka 2000. Douglas Skoog wa Marekani alifariki 2008, na kitabu chake cha mashine za uchanganuzi kikaendelea kupata toleo jipya. Marehemu hawa hawana kosa. Waliandika vizuri mno, hata wachapishaji wakaona afadhali watafute warithi kuliko kulitangaza jina lisilojulikana. Ila wewe unayeambiwa "toleo jipya kabisa" una haki ya kuuliza upya huo uko ukurasa gani.

Lipo jaribio dogo unaloweza kulifanya palepale, muuzaji akiwa bado anafungua mkoba. Mwambie akuonyeshe moli inaelezwaje. Tangu tarehe 20 Mei 2019 moli ni idadi kamili ya chembe, 6.02214076 × 10²³, basi. Kabla ya hapo ilitegemea atomi zilizomo ndani ya gramu 12 za kaboni-12. Kitabu chenye 2022 kwenye jalada na gramu 12 ndani ni gari la zamani lililopigwa rangi. Kwa kazi ya kila siku tofauti hiyo haionekani; hutapima unga ukaona moli imehama. Jaribio hili halipimi kemia. Linapima kama yupo mtu aliyezisoma kurasa zote kabla hazijapelekwa kiwandani.

Sura ambazo ungeweza kuziandika mwenyewe

Sura ya kwanza ni historia, na ni ileile. Utakutana na Bunsen na Kirchhoff mjini Heidelberg, wakiutazama mwanga wa moto kupitia prizimu mpaka wakagundua sesiamu 1860 na rubidiamu mwaka uliofuata. Utakutana na Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea kutoka Urusi, aliyepitisha rangi za majani kwenye bomba lililojaa unga wa chokaa, zikajitenga tabaka kwa tabaka. Jambo hilo alilieleza Warsaw 1903. Sura ya pili ni kanuni ya mwanga kufifia ndani ya myeyusho: Bouguer aliigusa 1729, Lambert akaiandika 1760, Beer akaimalizia 1852, na waandishi wa vitabu wanaendelea kuimalizia hadi leo. Sura ya tatu ina mchoro wa van Deemter na wenzake wa mwaka 1956, mstari unaoshuka kwa kasi kisha kupanda taratibu, wa kukuonyesha ni mwendo gani unaotenganisha vitu vizuri zaidi. Kitabu kisicho na mchoro huo kimechanwa ukurasa, kirudishe.

Ruka sura hizo, ila kabla ya kuziruka jiulize kwa nini zinafanana. Waandishi wa marejeo hurejelea marejeo. Madhara yake yanaonekana vizuri katika kisa cha spinachi. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba sifa ya mboga hiyo kuwa na madini ya chuma kupita kiasi ilitokana na mkemia wa Kijerumani wa karne ya 19 aliyekosea nukta ya desimali, chuma kikazidi mara kumi. Kisa kitamu, cha kufundishia uangalifu. Kilipata nguvu 1981 kilipotokea katika jarida kubwa la tiba la Uingereza bila kuambatana na ushahidi, kikaenea. Mwaka 2010 mtafiti Mwingereza, Mike Sutton, alikifuatilia kinyumenyume hadi alipofika mahali ambapo nukta hiyo iliyopotea ilipaswa kuwepo, na hakuikuta. Yaani kisa cha kuwaonya watu wasinakili bila kuhakiki kilinakiliwa bila kuhakikiwa.

Kwa hiyo kwenye jedwali lolote shuka hadi tanbihi. Ikikupeleka kwa mtu aliyepima mwenyewe, endelea kusoma. Ikikupeleka kwenye kitabu kingine chenye jalada la bluu, funga taratibu.

Vistari

Ukishapita ukurasa wa mia mbili hivi, mambo huchangamka, maana ndipo mashine zinapoanza kuoana. Mashine moja hutenganisha vitu, nyingine huvitambua, na jina la ndoa yao huandikwa kwa kistari katikati. Mkemia Tomas Hirschfeld alishaandika kuhusu mbinu hizo za vistari mwaka 1980, tena kwa utani kidogo. Siku hizi si ajabu kukutana na jina lenye vistari viwili, mkwaju mmoja na alama ya kuzidisha, mithili ya swali la mtihani. Kanuni ya kamati ya manunuzi ni rahisi: kila kistari ni zabuni mpya, mkataba mpya wa matengenezo, na fundi atakayekuja kwa ndege na kulala hotelini kwa gharama zako.

Kitabu hakitakuambia hayo. Kitakuambia kwamba kromatografia ya kimiminika husukuma vimiminika kwa shinikizo linalofikia mara mia nne ya lile la hewa, na kwamba mashine za kizazi kilichoingia sokoni 2004, zenye bomba lililojaa chembe zisizofika mikromita 2, hufika mara elfu moja. Ni kweli, na inapendeza. Hakisemi kwamba maji yasiyochujwa vizuri yataziba chembe hizo kabla ya chai ya saa nne. Kitakuambia kwamba spektromita ya masi hufanya kazi ndani ya ombwe. Hakisemi kwamba pampu za ombwe hazilali usiku, na kwamba umeme ukikatika kwa muda wa kuchemsha chai, kulirudisha ombwe kunaweza kula siku nzima ya kazi. Kitakuambia kwamba plazima ya agoni ina joto la kati ya kelvini 6,000 na 10,000. Ukitaka kujua mtungi wa agoni unafikaje Songea, muulize dereva.

Vitabu hivi vimeandikiwa maabara moja ambayo hujawahi kuiona. Humo umeme haukatiki, kiyeyusho hakiishi, na mtungi wa gesi ukikaribia kwisha mwingine unakuwa umeshasimama mlangoni. Nadhani hata huko kwao maabara hiyo haipo. Kati ya 2008 na 2009 asetonitrili, kiyeyusho kinachotumiwa na karibu kila mwenye kromatografia ya kimiminika, kiliadimika dunia nzima na bei yake ikapaa. Asetonitrili haitengenezwi kwa ajili ya wakemia. Ni masalia ya utengenezaji wa akrilonitrili, malighafi ya plastiki na nyuzi. Uchumi ulipoyumba, magari yakakosa wanunuzi, plastiki ikapungua, na viwanda vilivyosimamishwa China wakati wa Olimpiki ya Beijing vikazidisha uhaba. Maabara za Ulaya na Marekani zilijikuta zikihesabu chupa. Vitabu vilivyotoka baadaye viliendelea kuagiza "chukua asetonitrili" kwa utulivu uleule.

Katikati ya vistari utaona sura fupi, yenye picha zisizo na rangi, kuhusu mbinu ya kufyonzwa kwa mwanga na atomi, ambayo Alan Walsh aliieleza akiwa Australia mwaka 1955. Muuzaji ataifunua haraka kama anayepita mbele ya kioski anachodaiwa. Mrudishe hapo. Mbinu hiyo inataka moto, taa na mtu makini. Ina ukaidi wake: kwa kawaida kila elementi inataka taa yake, na taa ya risasi haitakupimia kadimiamu hata ukiibembeleza. Lakini maji ya visima na udongo wa machimboni umepimwa kwa mbinu hiyo miaka na miaka, na mashine yake ikiharibika, wapo mafundi mjini wanaoweza kuifungua bila kumpigia mtu simu Ujerumani.

Dokezo la pembeni: kila sura inayosifia mashine fulani, tazama mwandishi ameajiriwa wapi. Si dhambi mwajiriwa wa mtengenezaji kuandika, na mara nyingi ndiye anayeijua mashine vizuri kuliko wote. Ila usitarajie akueleze ni lini hutaihitaji.

Rangi

Kuna sura mpya kweli, nayo ni ya rangi. Ilianza na kemia ya kijani, yenye kanuni 12 zilizoandikwa 1998, yenye nia njema ya kupunguza sumu na taka. Kisha kikaja kipimo cha ukijani chenye mchoro wa duara wenye vipande 12, mwaka 2020. Mwaka 2021 ikatangazwa kemia changanuzi nyeupe, na 2023 kipimo cha bluu. Mbinu moja sasa inaweza kuwa kijani kwa mazingira, bluu kwa urahisi wa matumizi, nyekundu kwa ubora wa majibu, na nyeupe kwa yote matatu. Ni sura ya kusoma kwenye basi. Matumizi madogo ya kiyeyusho ni jambo la maana hata pasipo duara. Mwenye kununua chupa kwa dola analijua hilo tangu zamani.

Ukurasa ambao haumo

Sasa shika faharasa, kule mwisho. Tafuta neno sampuli. Angalia uchukuaji wake umepewa kurasa ngapi. Hapa ndipo fedha yako inapookolewa au inapozama, na hapa muuzaji hubadilisha mazungumzo.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umetuletea nini safari hii?"

"Dokta, hiki kina sura nzima ya vigunduzi vya kisasa. Kurasa mia moja na sitini."

"Na sampuli?"

"Sampuli ni bure, Dokta. Nitakutumia kurasa kumi za mwanzo."

Tuchukue mahindi, kwa sababu ndiyo yanayotuhusu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo Wakenya wengi wanaiita aflatoksini, si mchezo. Mwaka 2004, katika Kitui, Makueni na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilizika watu Dodoma na Manyara. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja, na 5 kwa ile ya aina ya B1 iliyo kali zaidi. Vitabu vipya vinaipenda sana sumu hii, kwa sababu inang'aa chini ya mwanga wa urujuanimno na kigunduzi huiona vizuri hata ikiwa kidogo sana. Utapewa michoro mizuri yenye vilele vyembamba, kila kilele na jina lake. Ungedhani kazi imekwisha.

Kazi haijaanza. Ukungu hauli gunia zima kwa usawa. Unashika punje hapa na punje pale, na punje iliyoshikwa inaweza kubeba sumu ya kutisha: imewahi kupimwa punje moja ya mahindi ikakutwa na zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Tupige hesabu ya kwenye karatasi. Punje yenye uzito wa theluthi ya gramu, ikiwa na kiwango hicho, ina mikrogramu 133 hivi za sumu. Hizo peke yake zinatosha kuyafikisha kikomoni mahindi safi ya kilo 13. Gunia la kilo 100 lina punje kama 300,000. Punje nane tu za namna hiyo, nane kati ya laki tatu, zinalivusha gunia lote mpaka wa sheria.

Mkaguzi anakuja na bambo. Anachoma gunia mara moja, zinatoka gramu mia, punje kama mia tatu. Uwezekano wa kunasa hata moja kati ya zile nane ni kama mara moja kwa kila michomo 125. Michomo mingine yote italeta jibu kwamba gunia ni safi kabisa. Na siku bambo likinasa punje moja, jibu litakuwa zaidi ya mikrogramu 1,300 kwa kilo, na mwenye gunia ataonekana muuaji. Jibu la kweli, ambalo ni kumi na kitu, halitapatikana kwa mchomo mmoja, uwe na mashine ya vistari vitatu au uwe na pua tu. Mashine itapima kwa uaminifu mkubwa kile ilichopewa. Ilichopewa si gunia.

Wanaolifanyia kazi jambo hili wanajua kwamba katika kupima sumukuvu sehemu kubwa ya kosa hutoka kwenye uchukuaji wa sampuli, inafuata kusaga na kugawa, na mashine inakuja mwisho. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa shehena kubwa za nafaka zinataka michomo 100 mahali tofauti, jumla kilo 10, kisha isagwe na kuchanganywa kabla ya kutoa kijiko cha kupima. Maana yake, baada ya bambo, kifaa chenye kuokoa jibu kuliko vyote ni mashine ya kusaga. Hiyo iko kila mtaa, inanguruma tangu alfajiri, na haimo katika juzuu yoyote kati ya zile kumi kwa heshima inayostahili. Angalizo pekee ni kwamba isafishwe kati ya sampuli na sampuli, la sivyo gunia la jana litashtakiwa leo.

La kuchekesha ni kwamba nadharia ya jambo hili ina mizizi Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1940, mhandisi kijana wa Kifaransa, Pierre Gy, alikuwa kwenye mgodi wa risasi wa M'Fouati, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ufaransa. Aliambiwa akadirie kiasi cha madini katika lundo kubwa la mawe, mengine makubwa ya kumshinda mtu kusukuma, mengine vumbi. Achukue wapi, kiasi gani, na atajuaje kwamba alichochukua kinafanana na lundo? Hakupata kitabu cha kumjibu. Alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuandika jibu hilo, hadi alipofariki 2015. Katika vitabu vingi vya mashine jina lake halimo kwenye faharasa. Mtafute kwenye herufi G. Akiwepo, anza kumheshimu mhariri.

Tarumbeta

Tuseme bambo limefanya kazi yake ipasavyo, na maabara mbili nzuri zimepewa unga uleule. Je, zitapata jibu moja? Mwaka 1980 William Horwitz, mkemia wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, aliandika alichokiona baada ya kulinganisha matokeo ya maabara nyingi kwa miaka mingi. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo ndivyo maabara zinavyopishana, na upishanaji huo unafuata mstari mmoja bila kujali ni kemikali gani au mashine gani. Kwenye sehemu moja kwa milioni, mtawanyiko ni asilimia 16 hivi. Kwenye sehemu moja kwa bilioni, asilimia 45. Mchoro wake unatanuka kama tarumbeta, na ndivyo unavyoitwa. Baadaye Michael Thompson alionyesha kwamba kule chini kabisa maabara hufanya vizuri kidogo kuliko hapo, kama asilimia 22.

Kikomo chetu cha mikrogramu 10 kwa kilo kiko ndani ya mdomo wa tarumbeta hiyo. Kwa mstari wa Horwitz mtawanyiko wake ni asilimia 32. Shehena ileile, unga uleule: maabara moja inaandika 8, nyingine 12, na zote mbili zimefanya kazi yao vizuri. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kiwango kilicho chini ya 10. Dereva aliyesubiri Namanga hakuwa na habari za Horwitz. Kwake 8 ni kwenda Nairobi na 12 ni kulala barabarani.

Katika kitabu kipya tarumbeta hii hupewa kurasa mbili, kwa kawaida ndani ya sura ya takwimu ambayo wanafunzi huiruka. Kurasa zinazofuata zina mifano yenye majibu ya desimali nne. Ukiona 9.8734 mahali popote pasipo na alama ya kujumlisha na kutoa inayofuatwa na namba nyingine, jua kikokotoo ndicho kilichoandika, mtu hakuwepo.

Wala usidharau kitabu cha zamani kwa sababu ya uzamani. Johan Kjeldahl, aliyekuwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alitoa 1883 njia ya kupima nitrojeni, na kutokana na nitrojeni hukadiriwa protini. Inatumika hadi leo. Mwaka 2008 nchini China wafanyabiashara walitia maji kwenye maziwa, kisha wakatia melamini, kemikali ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Vipimo vikasema protini ipo. Watoto karibu laki tatu waliugua na sita wakafariki. Baada ya hapo vitabu vilijaa mbinu mpya za kupima melamini, na ni sawa. Lakini njia ya Kjeldahl haikudanganya. Iliulizwa nitrojeni, ikajibu nitrojeni. Hakuna aliyeiuliza protini, na sura ya kufundisha namna ya kuuliza ndiyo fupi kuliko zote.

Ya bure, na yaliyoshalipiwa

Kabla hujasaini, mkumbushe mwenyekiti kwamba vipo vitabu visivyo na bei. Profesa David Harvey wa Marekani ameweka kitabu kizima cha kemia changanuzi kwenye intaneti, mtu apakue bila kulipa. Mtandao wa maabara za Ulaya uitwao Eurachem hutoa bure mwongozo wa kukadiria mashaka ya kipimo, toleo la 3 la 2012, na mwingine unaohusu mashaka yanayotokana na kuchukua sampuli, toleo la 2 la 2019. Huo wa pili ni mwembamba. Ndio unaozungumza na mwenye bambo, na labda ndiyo sababu hakuna muuzaji aliyewahi kuubeba. Shida yake kwa kamati ni kwamba kitu cha bure hakina risiti, na kifungu cha Juni kinataka risiti.

Basi kama fedha lazima itoke, nunua bambo refu la kufika katikati ya gunia, nunua mashine ndogo ya kusaga na mfuko wa kuchanganyia. Mhasibu atasema hivyo si vitabu na machapisho. Atakuwa sahihi, na mtanunua juzuu kumi.

Zikifika, msizipeleke ofisini kwa mkuu kupamba kabati la kioo. Mpeni yule fundi sanifu wa siku nyingi, Mama wa chumba cha mizani au Mzee wa mitungi ya gesi, yeyote ambaye mashine zikigoma ndiye anayeitwa nyumbani Jumapili. Mpeni na penseli. Baada ya miezi michache kopeni juzuu ya tatu mwone alichoandika pembeni: hapa kwetu ni dakika arobaini, si kumi, usitumie maji ya bomba hata wakisema, jedwali hili limekosewa, muulize yule binti wa zamu ya usiku.